Roho Tatu za Maige

Kwa maelezo ya mlalamikaji, Maige alikufa mara tatu Jumapili alasiri mbele ya watu wote wa Nyarugusu, na Jumatatu asubuhi akaenda kazini kama kawaida.

Inspekta Ansgar Ndalahwa aliacha kuandika. Alikuwa ametoka Geita alfajiri kwa Landrova isiyo na kioo cha mbele, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, na hakuwa na hamu ya kufanyiwa masihara. Alimwomba mlalamikaji arudie. Huyo mlalamikaji alikuwa Maganga, mkuu wa duara, yaani shimo la dhahabu, refu kuliko yote pale machimboni, mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na alirudia bila kubadilisha neno.

"Alikufa kwa kitu gani?" Inspekta aliuliza.

"Ya kwanza aligongwa na ndege. Ya pili ndege tena. Ya tatu akaangukiwa na bomu. Ndipo roho zake zikaisha, na fahali wa zawadi akaenda kwa wenzetu."

Koplo Mageni, mwenyeji wa Didia aliyejua mambo mengi isipokuwa kunyamaza, alimwinamia mkubwa wake na kumnong'oneza kwamba huo ulikuwa mchezo. Wa kwenye televisheni.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nane. Tangu milango ya biashara ifunguliwe kidogo, machimboni kulikuwa kumeanza kuonekana vitu ambavyo hata Mwanza mjini vilikuwa adimu. Mhaya mmoja aliyeitwa Eustace alikuwa amejenga banda la video, akaleta jenereta, televisheni, na mashine ya mchezo aliyoinunua Nairobi. Wachimbaji waliupokea mchezo ule kama walivyozoea kupokea mashindano ya ngoma huko kwao Usukumani: wakagawana pande mbili, wakatunga nyimbo za kuchambana, na kila upande ukatafuta mganga wake.

Fainali ilikuwa ya duara la Maganga na duara la ng'ambo ya mto. Bingwa wa Maganga, Maige, hakuwa amewahi kushindwa. Siku hiyo mikono ilimtetemeka, akazipoteza roho zote tatu kabla watu hawajamaliza kukaa. Na kila mtu alikuwa ameona kwamba dakika chache kabla ya hapo mwanamke mmoja muuza uji, Mbuke, ambaye wengi walimwita Mama Nyamizi, alimpa kikombe na kumshika mikono yote miwili.

Hilo liliwatosha. Tangu Jumatatu Mama Nyamizi alikuwa ametengwa. Hakuna aliyeruhusiwa kumsalimia, kumpa moto, wala kuchota naye maji kisima kimoja. Leo alasiri, kwenye dagashida, mkutano wa kijiji chote, angefukuzwa rasmi kwa uchawi. Maganga alikuwa amewaita polisi kwa sababu moja tu: alitaka serikali itamke kwamba uji ulikuwa na sumu, ili fahali arudi.

Ndalahwa hakumjali fahali. Alichojali ni kwamba wanawake waliofukuzwa vijijini miaka ile hawakuwa wakifika mbali. Aliwahi kutumwa kumtafuta mmoja wao, na alichokikuta hakupenda kukikumbuka. Angeweza kumpakia huyu kwenye Landrova na kuondoka naye, lakini hilo lingekuwa sawa na kumpigia muhuri wa uchawi, na nyumba yake ingewaka moto kabla gari halijavuka daraja. Ilibidi apate jibu, na alipate kabla ya alasiri.

Alianzia bandani. Eustace aliwasha jenereta na kumweleza mchezo kwa fahari ya mwenye mali. Ndege za adui zilishuka kutoka juu. Mchezaji alikuwa na mzinga chini, akiusogeza kushoto na kulia kwa mkono wa mashine, na kitufe cha kupigia risasi. Kila mmoja alipewa roho tatu. Zikiisha, anampisha mwenzake, na mwenye alama nyingi ndiye mshindi. Inspekta alijaribu. Ndege moja ililia kwa sauti nzito, nyingine kwa sauti nyembamba, na kabla hajajua mkono unashikwaje alikuwa ameshakufa mara tatu, huku Koplo Mageni akijikohoza ili asicheke.

Alikagua mkono wa mashine. Haukulegea wala haukupakwa kitu. Nyaya zilikuwa nzima. Eustace aliapa kwamba hakuna aliyeigusa mashine, maana alilala nayo chumba kimoja.

"Maige anachezaje?" Inspekta aliuliza.

Eustace alisema hajawahi kuona kichwa kilichotulia kama kile. Wengine walirukaruka, wakatukana, wakaangalia alama kila mara. Maige aliinama, akafumba macho kidogo kabla ya kuanza, akavuta pumzi taratibu, kisha akacheza kana kwamba yuko peke yake duniani. Alikuwa na masharti yake tu, kama wachezaji wote wakubwa. Hakutaka jenereta karibu, kwa hiyo Eustace alilihamishia nyuma ya kichuguu. Na hakutaka kelele. Wakati wake ukifika banda zima lilinyamazishwa, na atakayekohoa alitolewa nje.

Inspekta aliandika: mtulivu, hapendi kelele. Hakuona hilo linampeleka wapi.

Mama Nyamizi walimkuta kwake, akitwanga mwenyewe mbele ya mlango, kiwanja chake kimefagiliwa vizuri ingawa hakuna aliyekikanyaga tangu Jumatatu. Ndalahwa alimsalimia shikamoo kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. Mama alisita, kama mtu aliyesahau jibu, kisha akaitikia marahaba kwa sauti ndogo.

Alijibu kila swali. Uji ulikuwa wa mtama, sufuria ni ile ile, walikuwa wamekunywa watu wengi kabla ya Maige na baada yake, na hakuna aliyeumwa. Kikombe cha Maige kilikuwa cha bati, chekundu, hiki hapa, na Inspekta akakichukua kama kielelezo. Mpaka hapo hapakuwa na kesi.

"Kwa nini ulimshika mikono, mama?"

Mchi ulisimama. "Nilimpa kikombe."

"Wengine ulikuwa unawawekea kwenye benchi. Mashahidi wote wamesema hivyo. Yeye ulimshika mikono."

Inspekta alimweleza bila kuficha kwamba hilo ndilo jambo pekee lililobaki, kwamba akilijibu ataweza kumsaidia, na asipolijibu leo jioni atakuwa njiani na mzigo wake kichwani. Koplo naye alimbembeleza kwa Kisukuma, akimwita mayu, yaani mama. Mama Nyamizi aliwatazama wote wawili kwa huruma, kana kwamba wao ndio waliotengwa, kisha akaendelea kutwanga.

Walipokuwa wakirudi, Koplo alisema mtu asiye na hatia hasiti kujitetea. Inspekta alikuwa na mawazo yale yale, na yalimkera. Uji safi, mashine nzima, mwanamke anayeficha kitu, na mchezaji aliyetetemeka. Kila alichokishika kilikuwa kweli, na hakuna kilichoungana na kingine.

Mshindi, Marselino, alikuwa kijana mwembamba aliyezungumza haraka. Ndalahwa alimwendea akitarajia kupata mhalifu wake, maana ndiye aliyefaidika. Akapata kitu kingine. Marselino hakuficha kwamba yeye ni mwoga. Akianza kufikiria watu wanaomtazama, alisema, vidole vinakuwa vya mtu mwingine, na ndege anaiona kabisa lakini mkono unachelewa. Alikuwa amejifundisha kuhesabu risasi kimoyomoyo ili asiwafikirie watu.

"Kwa hiyo Maige naye aliogopa," Inspekta alisema.

"Maige haogopi, afande. Mimi namjua. Kuogopa ninakujua mimi. Mtu mwenye hofu anakodoa macho. Yeye alikuwa anageuza kichwa, huku na huku, kama kuna mtu anamwita."

"Nani alimwita?"

"Ungemsikia nani siku hiyo? Ngoma zilikuwa zinalia kuliko za harusi."

Koplo Mageni alimtazama mkubwa wake kwa maana. Kuitwa na sauti wasiyoisikia wengine, kwa watu wa huko, kulikuwa na maelezo yake, na maelezo hayo hayakumsaidia Mama Nyamizi hata kidogo. Ndalahwa alijiona anazama. Alikuwa amekuja kumtoa mwanamke kwenye shimo, na kila aliyemhoji alikuwa anamwongezea udongo.

Maige aliitwa bandani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mabega mapana, uso wenye makovu madogomadogo ya baruti iliyomlipukia duarani wakati wa masika. Aliingia taratibu huku mkono ukigusa mwimo wa mlango, akasimama. Inspekta alimnyoshea mkono. Maige hakuupokea. Inspekta aliushusha, akaandika moyoni kwamba mtu huyu ana kiburi, kisha akasema karibu. Hapo hapo Maige akageuka upande wake na kumwamkia kwa adabu zote.

Hakuwa na kinyongo na mtu, alisema. Uji ulikuwa mzuri. Alishindwa kwa sababu mpira hudunda, na hakutaka watu wafukuzwe kwa ajili yake. Lakini alipoulizwa kama yuko tayari kuyasema hayo mbele ya dagashida, alijibu kwamba ameshayasema, na wanasema amerogwa hata mdomo.

"Alikushika mikono kwa nini?"

"Ni mazoea yake."

Wawili sasa walikuwa wakificha kitu kimoja. Inspekta alitaka angalau akamilishe utaratibu wa kielelezo. Aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kikombe, akakiinua mbele ya uso wa shahidi, na kumuuliza kama hiki ndicho kikombe cha bati alichonywea uji Jumapili.

"Ndicho hicho, afande," Maige alisema bila kusita.

Koplo Mageni alikohoa. Inspekta alitazama mkono wake mwenyewe. Alikuwa ametoa kikombe chake cha chai, cha plastiki, cha bluu, alichotoka nacho Geita. Chekundu kilikuwa bado kwenye mkoba.

Alimwacha shahidi ndani, akatoka na Koplo hadi nyuma ya kichuguu, karibu na jenereta. Damu ilimchemka. Alisema huyu mtu ni mwongo, angekubali hata ndoo, ni wazi kwamba yeye na Maganga wamepanga kumwangamiza yule mama kwa sababu ya fahali. Koplo aliuliza kama ni hivyo, mbona dakika moja tu iliyopita mtu huyo huyo alikuwa anamtetea. Lilikuwa swali zuri. Alisimama akikigeuzageuza kikombe cha bluu. Jenereta lilikuwa linamsumbua masikio, akasogea pembeni ili aweze kufikiri, na ndipo alipolitazama tena, lilivyowekwa mbali na banda kwa sharti la mtu mmoja.

"Zile ngoma za Jumapili," alisema polepole, "zilikuwa za nani?"

Za Maganga, Koplo alisema. Kila mtu alijua. Maganga alikuwa ameleta wapigaji kutoka Kahama, wa Nyasubi, walewale wa mashindano ya ngoma, ili kumtia bingwa wake moyo. Alisema fainali haiwezi kuchezwa kimya kama msiba. Eustace alijaribu kuwanyamazisha, akakosa ubavu.

Inspekta alirudi ndani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa na shaka moja tu. Alimwomba Maige acheze kidogo, ili naye apate kuona bingwa anavyocheza. Maige alikataa, kisha akakubali. Alikaa karibu sana na televisheni, akainamisha kichwa, sikio moja mbele, akavuta pumzi. Mlango uliachwa wazi na mwanga wa mchana ukaingia. Ndege zilianza kushuka. Ile yenye sauti nzito ilitokea kushoto, mkono ukaenda kushoto. Ile yenye sauti nyembamba ilitokea kulia, mkono ukawa umeshafika. Ilikuwa kazi nzuri kutazama, hata kwa mtu asiyeuelewa mchezo. Inspekta aliusikiliza kwa muda, akaelewa kwamba kila ndege ilikuwa inajitaja yenyewe ilipo.

Alisogea pembeni ya televisheni, akashika kitufe cha kupunguzia mwanga, akakizungusha taratibu. Ndege zilififia. Mzinga ukafifia. Kioo kikawa cheusi kabisa, kama sufuria.

Maige aliendelea kucheza. Mkono ulikwenda kushoto, ukarudi, ukasubiri, ukapiga. Mashine ilikuwa inalia sauti ya alama zinazoongezeka. Koplo Mageni alifumbua mdomo, Inspekta akamwonyesha ishara anyamaze. Kisha Inspekta akampa ishara nyingine, na Koplo akaanza kupiga ubao wa benchi kwa viganja, pigo la ngoma ya mashindano, na pale pale kichwa cha Maige kikaanza kugeuka huku na huku. Mkono ulichelewa, ukaenda upande usio. Mlio wa kifo ulisikika mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Picha imezimwa tangu zamani, ndugu yangu," Inspekta alisema.

Maige aliachia mkono wa mashine. Kisha akazungumza kama mtu anayetua mzigo. Ile baruti ya masika ilimwachia ukungu. Alikuwa anaona mlango kwa sababu ya mwanga, anaona vivuli vya watu, njia za machimboni alizijua kwa miguu. Duarani hakuna anayeona kitu, wote hupapasa, kwa hiyo hakugundulika. Lakini Maganga akijua hatamwacha ashuke tena, na kwa hilo hakumlaumu, maana mtu asiyeona akikosea kamba ataua wenzake. Alikuwa na mke Ushirombo na watoto, na hakujua kazi nyingine. Mchezo ulikuwa kinga yake. Nani atamshuku upofu bingwa wa televisheni?

"Na Mama Nyamizi?"

"Alijua siku ya kwanza. Nilipapasa benchi, nikamwaga uji. Hakuniuliza. Tangu siku hiyo ananishikisha kikombe mkononi. Nilimwomba asimwambie mtu, akaniahidi."

Ndalahwa alikaa kwenye benchi. Alikuwa amelifumbua fumbo lake, na hapakuwa na mtu wa kumfunga pingu. Aliona aibu kwa furaha aliyokuwa nayo dakika moja iliyopita. Alimwambia Maige kwamba kutoona si kosa la jinai, na sheria haimdai chochote. Angeweza kwenda kuyasema yeye mwenyewe mbele ya mkutano, lakini watu wangesema askari amenunuliwa na mchawi. Maneno haya yangeaminiwa kutoka mdomo mmoja tu. Hakumlazimisha. Kwa kweli hakujua amwombee lipi.

Maige aliuliza kama jua limeshapinda. Aliambiwa limepinda.

Dagashida ilikuwa uwanjani nje ya machimbo. Wanaume walikaa duara pana na mikuki na pinde zao chini, Maganga mstari wa mbele, miguu ameinyosha. Katikati alikaa Mama Nyamizi peke yake juu ya mzigo wake uliokwisha kufungwa. Msemaji wa wazee alikuwa ameanza. Inspekta aliomba nafasi kwa niaba ya shahidi, akasogea pembeni, na kumwacha Maige asimame peke yake nyuma ya wanaume waliokaa, penye mwanga mkali.

Alitembea hatua chache, akasimama. Uwanja haukuwa njia aliyoizoea. Hapakuwa na benchi wala ukuta, na watu wote walikuwa wamenyamaza wakisubiri maneno yake. Aligeuka kulia, akageuka kushoto.

Mama Nyamizi alikuwa mbele yake, si mbali kuliko upana wa chumba. Inspekta aliona jinsi mama yule alivyoelewa. Alimwona akibana pumzi na kuushika mzigo usitoe sauti, ili mtu huyu asijifichue, ili arudi alikotoka na kubaki na kazi yake. Ndalahwa alikuwa amewahi kuona watu wakinyamaza kwa hofu, kwa hila na kwa ukaidi. Kunyamaza kwa namna ile hakuwa amewahi kukuona.

"Mama Nyamizi, shikamoo," Maige alisema kwa sauti, mbele ya watu waliokatazwa kumsalimia. "Uko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mnong'ono ulipita kwenye duara la watu, ukaenda ukizunguka, ukafika kwa Maganga. Maganga alimtazama bingwa wake, akamtazama mwanamke aliye mbele yake pale pale, kisha akawatazama wapigaji wa ngoma aliowalipia nauli kutoka Kahama.

"Uko wapi, mayu? Mimi sikuoni. Sioni mtu yeyote."

"Marahaba, mwanangu," Mama Nyamizi alisema, na sauti ilimkatika. "Niko hapa."

Maige aliifuata ile sauti. Alipofika mstari wa mbele, Maganga aliikunja miguu yake ili Maige asijikwae.